Kabla Hujafunga ili Kusafisha Seli

Ushauri wa kufunga siku tatu kwa maji matupu "ili seli zijisafishe" unasambaa sana, na wanaoukimbilia wengi ni wagonjwa. Sayansi iliyo nyuma yake ni ya kweli. Seli hula sehemu zake zilizochakaa na kuzitumia upya. Kazi hiyo huitwa otofajia, na Mjapani Yoshinori Ohsumi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuichambua. Ila yeye alikuwa akizinyima chakula seli za hamira, si kutibu watu. Kwa hiyo ukiletewa ushauri huo, uliza kwanza umejaribiwa kwa nani: hamira, panya, au wagonjwa kama wewe?

Kisha uliza ni kwa ugonjwa gani, na umefikia hatua gani. Katika Parkinson ya kurithi inayotokana na hitilafu ya jeni za PINK1 au Parkin, seli za ubongo hushindwa kuondoa mitokondria (vinu vya nishati vya seli) mbovu, na hapo upungufu wa usafi ndio balaa. Saratani ni tofauti, hutegemea hatua. Mwanzoni otofajia husaidia kuzuia uvimbe usianze. Uvimbe ukishakomaa, seli zake huitumia kujilisha mahali ambapo damu haifiki vizuri. Ndiyo maana watafiti wamejaribu kuizima kwa haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini chungu tuliyomeza kwa malaria. Tena otofajia ikizidi kiasi, seli yenyewe hufa: mwaka 2013 maabara ya Beth Levine huko Texas ilionyesha kifo cha namna hiyo kwenye ubongo wa panya wachanga waliokosa damu na oksijeni.

Mwenye saratani anayekonda, tafadhali ale. Mjamzito na mtoto wasiguse mfungo huu kabisa.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asianze kabla daktari hajampangia dozi upya. Akifunga, apime sukari mara kwa mara. Ikishuka chini ya 3.9 (au 70, kwa mashine zinazosoma kwa miligramu), au akiona jasho jembamba na mikono kutetemeka, afungue papo hapo, hata kama zimebaki dakika chache mfungo uishe: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni; mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali.