SOMO LA ROBO HII: KWA NINI TUGHARIMIE UTAFITI WA MAADILI?



Kila tunapokaa kupanga bajeti, swali hili hurudi: kwa nini tutoe fedha kuchunguza lililo jema na lililo baya, wakati zahanati haina dawa? Ni swali la haki. Tulijibu kwa kuifuata njia tunayoifahamu, kutoka Tabora hadi Ujiji.

1. Njia ya misafara

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tabora kuelekea Ziwa Tanganyika. Ikirudi pwani, wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu. Watu wengine walitembea katika minyororo wakaenda kuuzwa. Wakubwa wa misafara hawakukosa maarifa. Walijua penye maji, hongo ya kila mtemi na bei ya pembe Unguja. Walichokosa ni kujiuliza: je, mtu anaweza kuwa bidhaa? Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, baada ya swali hilo kupiganiwa miaka mingi kwa dini, kwa sheria na hata kwa manowari.

2. Swali la Gombe

Mwisho wa njia hiyo, kaskazini ya Ujiji na Kigoma, ipo Gombe. Jane Goodall alifika huko Julai 1960 kuchunguza sokwe. Fedha za kuanzia, dola 3,000, zilitolewa na Mmarekani Leighton Wilkie. Mwaka huohuo Jane alimwona sokwe akichuma kijiti, akikipukusa majani, kisha akivulia mchwa kichuguuni. Hadi hapo ilifundishwa kwamba binadamu peke yake hutengeneza zana.

Sayansi ilileta ushahidi. Falsafa ikalazimika kuuliza upya binadamu ni nani. Nasi waumini tukarudi kwenye kitabu cha Mwanzo: kupewa utawala juu ya viumbe ni kuvitumia tutakavyo, au ni kuvitunza? Majibu yalibadili matendo. Mwaka 2015 taasisi ya afya ya serikali ya Marekani ilitangaza kuacha kugharimia majaribio ya tiba kwa sokwe. Mwaka 2021 Jane alipewa Tuzo ya Templeton, ambayo Mama Teresa alikuwa wa kwanza kuipokea mwaka 1973. Alifariki Oktoba 2025.

3. Sokwe na jirani

Lakini kuwahurumia sokwe peke yake hakukutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jane aliruka kwa ndege juu ya Gombe akaona vilima vya jirani vimebaki vipara. Watu walikuwa wengi, ardhi imechoka, na umaskini uliwasukuma kukata mti wa mwisho. Mwaka 1994 ulianza mradi wa TACARE katika vijiji 12. Watanzania waliotumwa huko waliwauliza kwanza wanakijiji wanahitaji nini. Afya na elimu zikatajwa, zikaingizwa katika mradi pamoja na miti. Tazameni basi: swali la maadili, lilipofuatwa kwa uaminifu, lilirudi hadi mlangoni pa zahanati.

4. Kwetu Tabora

Miombo yetu hukatwa kwa mkaa, kwa mashamba, na kwa kuni za mabani ya tumbaku huko Urambo na Kaliua. Tumbaku hiyohiyo hulipa ada za shule, na sehemu yake huingia katika kapu la sadaka. Mtaalamu wa misitu anaweza kuhesabu miti iliyobaki. Hawezi peke yake kutuambia tunawadai nini wakulima wa leo, wala tunadaiwa nini na wajukuu wao. Hapo wanahitajika mtaalamu, mwanafalsafa, mchungaji na mkulima katika meza moja, na meza hiyo ina gharama: nauli, chakula, muda na karatasi. Hatusemi dawa zipunguzwe. Tunasema kila mradi utengewe kidogo kwa ajili ya kuuliza kabla ya kutenda.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika mradi wetu wa mwisho, nani aliulizwa kwanza, na nani hakuulizwa?
2. Nani alibeba hasara, na je, aliridhia?
3. Ni jambo gani parokiani kwetu leo tunaliita biashara tu, ambalo wajukuu wetu wataliona aibu?