Nyama ya Kusaga: Mafuta Yatoke Kabla ya Kitunguu

Wanageto, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Bariadi. Kwetu Usukumani ng'ombe wapo wa kutosha, na nyama ya kusaga tunaipenda. Ila baba kaambiwa hospitali apunguze mafuta, na mpishi nilikuwa mimi.

Kwanza, usianze na mafuta ya kupikia. Weka nyama kwenye sufuria kavu, moto wa kati, uivunjevunje kwa mwiko. Itatoa maji, yaache yakauke. Ukisikia inakaanga, hayo sasa ni mafuta yake. Ikishabadilika rangi yote, inamisha sufuria, sogeza nyama upande wa juu, uyachote kwa kijiko. Ndipo uweke kitunguu, nyanya na chumvi. Ukivitanguliza, utachota na ladha.

Umeshaunga mchuzi? Uache upoe kidogo: mafuta ni mepesi kuliko maji, yataelea juu, uyaengue.

Usiyamwage kwenye sinki la hosteli. Ya ng'ombe huganda yakipoa, bomba litaziba. Tia kwenye kopo.

Baba alimaliza ugali wake bila kugundua kitu. Asubuhi akaliona kopo, mafuta yameganda. Akanyamaza, kisha akauliza, "Haya yote yalikuwa yangu?"