Dawa ya ADHD na Maisha ya Chuo: Namna ya Kuzungumza na Daktari Kuhusu Kubadilisha Dozi

Mama anayelima mwani Kibuyuni hupanga siku yake kwa kufuata maji. Bamvua likifika na maji yakikupwa, anashuka shambani. Kesho yake maji huchelewa kwa takriban dakika 50, naye anachelewa pamoja nayo. Hakuna anayemwambia mama huyu kwamba kazi imemshinda kwa sababu saa zimebadilika. Anaangalia maji, anapanga upya.

Sasa tuchukulie kwamba mama huyu ana kijana mwenye ADHD. Alipokuwa shule ya upili ya kutwa, alimeza kidonge saa moja asubuhi mbele ya mama yake, na cha pili saa saba mchana baada ya chakula. Matokeo yalikuwa mazuri, akapita mtihani, akapata nafasi katika chuo kimoja Mombasa. Wiki sita baada ya kuvuka feri, anapiga simu nyumbani: "Mama, dawa imeacha kufanya kazi." Mwenzake wa hosteli amemwambia aongeze kidonge. Mwingine amempa muguka ili akeshe na vitabu. Huko kijijini, jirani anamshauri mama aachishe dawa kabisa, kwani kijana ameshakuwa mtu mzima.

Kijana huyu ni wa mfano tu, lakini hali yake inaweza kumkuta mwanafunzi yeyote anayetumia dawa hizi. Asiposaidiwa mapema, muhula unaweza kumpotea, na karo iliyotafutwa kwa jasho ikaenda bure. Somo hili lina lengo moja: ukimaliza kulisoma, uweze kwenda kwa daktari ukiwa na maelezo yatakayomwezesha kukusaidia.

ADHD NI NINI?

ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo humfanya mtu apate shida ya kuelekeza fikira mahali pamoja, kutulia, na kujizuia kabla ya kusema au kutenda. Dalili huanza utotoni, kabla ya umri wa miaka 12. Inakadiriwa kwamba duniani, watoto wapatao 5 kati ya kila 100 wana hali hii, na wengi wao huendelea kuwa nayo ukubwani.

Si utundu wala jeuri, na haitokani na malezi mabaya. Wapo wazazi wanaodhani mtoto ameingiliwa na jini. Dua ni ibada na hakuna anayeizuia, lakini isichukue nafasi ya matibabu.

DAWA HUFANYA KAZI KWA MUDA GANI?

Dawa inayotumika sana ni methilifenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la kibiashara la Ritalin. Iko ya aina mbili. Ya muda mfupi hufanya kazi kwa takriban saa 4 tu. Ya muda mrefu hutoka polepole tumboni na huweza kufikisha saa 8 hadi 12, kutegemea aina yake. Ipo pia atomoksetini, ambayo humezwa kila siku na huchukua wiki kadhaa kabla ya matokeo yake kuonekana vizuri. Hii haiongezwi leo ili isaidie mtihani wa kesho.

Ukishaelewa saa hizi, utaona kwa nini chuo huleta shida. Shuleni, kengele ilipanga kila kitu. Chuoni, Jumatatu somo linaanza saa mbili asubuhi, Jumatano linaanza saa nane mchana, na kujisomea ni usiku. Kidonge cha muda mfupi kilichomezwa saa moja asubuhi kimekwisha nguvu kufikia saa tano. Mwanafunzi anayeingia darasani saa nane anasema dawa imekufa, kumbe dawa ilifanya kazi yake vizuri wakati yeye amekaa hosteli.

Yapo pia mambo mengine. Anayelala saa tisa usiku na kuamka saa kumi na mbili hatakuwa makini, hata apewe dawa gani. Anayeshinda na chai na mandazi mawili hadi jioni, vivyo hivyo. Wasiwasi na huzuni ya kuwa mbali na nyumbani pia huvuruga fikira. Kwa hiyo daktari anapokuuliza kuhusu usingizi, chakula na moyo wako, hakwepi swali lako. Anatafuta chanzo.

HATUA YA KWANZA: DAFTARI LA WIKI MBILI

Kabla ya kwenda kliniki, chukua daftari dogo au tumia simu yako. Kwa wiki mbili, andika kila siku:

1. Saa uliyomeza dawa, na kama ulisahau.
2. Saa ulipoanza kuhisi inasaidia, na saa ilipoisha.
3. Saa za masomo na za kujisomea siku hiyo.
4. Ulikula nini na saa ngapi.
5. Ulilala saa ngapi na kuamka saa ngapi.
6. Jambo lolote usilolipenda: kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, kukosa hamu ya kula, hasira dawa inapoisha.
7. Kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, miraa, muguka, sigara au pombe, kama ulitumia.

Mstari mmoja au miwili kwa siku unatosha. Kwa mfano: "Jumatano. Kidonge saa moja asubuhi. Kimeisha saa tano. Somo saa nane, sikufuata chochote. Kidonge cha pili saa kumi na moja jioni. Nilisoma vizuri, lakini sikulala hadi saa nane usiku."

Mistari hiyo michache inamweleza daktari mambo mengi kuliko mwezi mzima wa kusema "haifanyi kazi".

HATUA YA PILI: NENDA MAPEMA, NENDA UMEJIANDAA

Usingoje wiki ya mtihani. Kubadilisha dozi huenda polepole, hatua kwa hatua, na kila hatua huhitaji siku za kuangaliwa. Wakati mzuri ni mwanzoni mwa muhula, au likizo unapokuwa nyumbani.

Beba daftari lako, ratiba ya masomo, boksi la dawa unayotumia sasa, kadi au barua ya kliniki ya mwanzo, na orodha ya dawa nyingine zozote, zikiwemo za mafua, za presha, za kifafa na za mitishamba. Beba kitambulisho, na uulize mapema kama huduma hiyo na dawa zake zinalipiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA.

HATUA YA TATU: SEMA HIVI

Wengi wetu tumelelewa kumheshimu daktari kiasi cha kuogopa kumuuliza. Heshima na swali vinakwenda pamoja. Tazama mazungumzo haya ya mfano:

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Unaendeleaje?"

"Alhamdulillahi, ila nimekuja na tatizo. Natumia dawa hii tangu kidato cha pili. Shuleni ilinifaa. Sasa niko chuo na saa zangu zimebadilika. Nimeandika wiki mbili. Ukitazama hapa, asubuhi iko sawa, lakini siku tatu kwa wiki masomo yangu yako mchana na dawa imeshaisha. Nikimeza jioni, silali. Ningependa tuangalie kama kuna njia nyingine ya kupanga."

"Mbona hukuongeza mwenyewe?"

"Niliambiwa niongeze, daktari. Nikaona nikuulize kwanza."

"Umefanya vyema. Na je, unatumia miraa au muguka?"

"Mara mbili, nilipokuwa nakesha. Moyo ulinienda mbio sana."

Jibu hilo la mwisho ni gumu kulitoa, lakini ni muhimu kuliko yote. Miraa na muguka vina kemikali ya kusisimua mwili iliyo karibu sana na jamii ya dawa hizi. Ukivichanganya, moyo na presha hupanda kwa pamoja. Daktari asiyejua anaweza kukuongezea dozi juu ya hatari uliyo nayo tayari. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu atunze siri ya mgonjwa, kwa hiyo sema kweli.

Maswali matano ya kumuuliza daktari:

• Je, tatizo langu ni kiasi cha dawa, au ni saa ninazoimeza?
• Je, ipo ya muda mrefu inayonifaa, na inapatikana wapi kwa bei gani?
• Nikisahau kidonge, nifanye nini?
• Dalili gani nikiziona nirudi mara moja?
• Nirudi lini tuangalie matokeo?

DAKTARI ANAWEZA KUAMUA NINI?

Atapima presha, mapigo ya moyo na uzito. Atauliza kama umewahi kuzimia, au kama katika familia yenu kuna aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa kijana. Baada ya hapo anaweza kuhamisha saa, kubadilisha aina, kuongeza kidogo, kupunguza, au kuiacha dozi ilivyo na kushughulikia usingizi wako kwanza. Dozi kubwa si lazima iwe dozi bora. Anayetafutwa ni yule mwanafunzi anayesoma mchana, anakula, na analala usiku. Ukiambiwa dozi haitaongezwa, uliza sababu na mpango uliopo badala yake.

MAMBO YA KUJIEPUSHA NAYO

Usiongeze wala kuacha dawa bila ushauri. Usimeze viwili kufidia ulichosahau. Usitafune wala kusaga kidonge cha muda mrefu, kwani dawa ya siku nzima itaingia mwilini kwa mpigo. Usimpe mwenzako hata kimoja, na usinunue mtaani. Methilifenideti inadhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, na hutolewa kwa cheti cha daktari pekee. Iweke mahali pa kufungwa, hasa hosteli.

Kama ni mjamzito, unanyonyesha, au unapanga kupata mtoto, mweleze daktari kabla ya hatua yoyote.

Nenda hospitali mara moja ukipata maumivu ya kifua, ukizimia, ukiona au kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni wala kuvisikia, au ukijiwa na mawazo ya kujidhuru. Unaweza pia kupiga simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199.

MWEZI WA RAMADHANI

Kwa vijana wengi wa Kibuyuni, Shimoni na Vanga, saa za kula hubadilika kabisa mwezi wa Ramadhani, na saa za dawa nazo. Mwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Anaweza kuona kama inafaa kutumia ya muda mrefu baada ya daku, au mpango mwingine. Dawa hizi hupunguza hamu ya kula, kwa hiyo zungumzeni pia kuhusu futari na maji ya kutosha usiku. Dini imempa mgonjwa ruhusa. Likikutatiza, waulize wote wawili, daktari na shehe wako. Usiache dawa kimyakimya kwa siku 30.

PA KWENDA

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, au zungumza na mhudumu wa afya wa kijamii wa kijiji chako. Eleza kwamba unahitaji rufaa kuhusu dawa ya ADHD. Kwetu, hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni. Kwa wanaosoma Mombasa, ipo Hospitali ya Coast General, na Port Reitz inajulikana kwa miaka mingi kwa huduma za afya ya akili. Omba barua inayoeleza unachotumia ili daktari wa Mombasa na wa Kwale wasome ukurasa mmoja. Dawa hizi hazipatikani katika kila duka la dawa, hivyo piga simu kabla ya kupanda matatu, na usingoje kibakie kidonge cha mwisho.

Chuoni, onana na zahanati ya chuo na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ukiwa na barua ya daktari, unaweza kuomba usaidizi katika mpangilio wa masomo na mitihani.

KWA WAZAZI

Mtoto akifika miaka 18, mazungumzo na daktari ni yake. Mzazi huingia akikaribishwa. Lakini sauti yako kwenye simu bado ina uzito. Akikwambia dawa imeacha kufanya kazi, usimwambie aongeze, wala usimwambie aache. Muulize: "Mwanangu, ulimeza saa ngapi, na somo lilikuwa saa ngapi?" Kisha mkumbushe kuandika.

JIPIME

1. Kidonge cha muda mfupi kilichomezwa saa moja asubuhi hupungua nguvu karibu saa ngapi?
2. Taja mambo manne ya kuandika kwenye daftari la wiki mbili.
3. Kwa nini ni lazima daktari ajue kuhusu miraa na muguka?
4. Ungemjibu vipi mwenzako anayekuomba kidonge kimoja usiku wa mtihani?

Jibu maswali haya pamoja na kijana wako kabla hajarudi chuo. Kama hata moja limewashinda, liandikeni. Hilo ndilo swali la kwanza la kumpelekea daktari.