Kama Mungu Anatupenda, Mbona Tunateseka?

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufukia nyumba katika mji wa Katesh, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walifariki dunia. Misiba ya namna hii huibua maswali ambayo waumini wengi huona haya kumuuliza padri, mchungaji au shehe.

Je, maafa ni adhabu ya dhambi?

Usimhukumu hivyo mtu yeyote. Katika Injili ya Luka, Yesu aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa waovu kuliko wenzao wa Yerusalemu. Waislamu nao hufundishwa kwamba manabii ndio waliopewa mitihani mizito kuliko watu wote. Kule Hanang, mvua kubwa ililowesha miamba dhaifu hadi mlima ukameguka. Tope halikubagua mlevi na mcha Mungu.

Kwa nini Mungu asizuie?

Mateso mengine tunayaleta wenyewe: vita, rushwa, ulevi barabarani. Aliyetupa hiari hatuendeshi kama vibaraka. Lakini jibu hilo halimtoshi mama mwenye mtoto anayeugua saratani. Ayubu mwenyewe, katika kitabu chake cha Biblia chenye sura 42, hakuambiwa kamwe sababu ya mateso yake. Imani haidai kujua kila sababu. Inashikilia kwamba anayeteseka hajaachwa. Mkristo huutazama Msalaba, Mwislamu hutumaini hekima ya Mola na malipo ya akhera.

Kumlalamikia Mungu ni dhambi?

Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa, na bado Mungu alimkubali. Waliokemewa ni rafiki zake, waliomtetea Mungu kwa kumshtaki mgonjwa. Katika Qurani, Nabii Yakubu alimlilia mwanawe Yusufu hadi macho yakapofuka, na huzuni yake akamshtakia Mwenyezi Mungu.

Nimwambie nini mfiwa?

Usikimbilie kusema kazi ya Mungu haina makosa. Toa pole, kisha kaa naye mkekani. Rafiki wale wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walifanya vyema siku 7 za mwanzo, walipokaa chini naye bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kumhubiria. Chota maji, osha masufuria, peleka unga. Arobaini ikipita, turubai likishafunguliwa na wageni wakishaondoka, mpigie simu. Akikuuliza Mungu alikuwa wapi, msikilize hadi amalize. Si lazima umjibu.