Rangi Zinazoizingira Nyota: Somo la Lenzi kwa Madarasa ya Juu

Mwanafunzi aonyeshwapo picha ya nyota iliyopigwa kwa darubini ya lenzi, huenda akauliza: "Mwalimu, mbona nyota hii ina ukingo wa zambarau?" Tukimjibu kwamba hayo ni makosa ya picha tu, hatukusema uongo, lakini tumezima udadisi wake. Afadhali swali hilo tuligeuze kuwa somo.

Chanzo: Nuru nyeupe ni mchanganyiko wa rangi. Lenzi huipinda nuru ya zambarau zaidi kuliko nyekundu, hivyo rangi zote hazikutani mahali pamoja. Mpiga picha akirekebisha darubini hata nuru ya kijani ikakusanyika barabara, ile ya zambarau hutawanyika na kuizingira nyota.

Zoezi: Tuifunike tochi kwa karatasi nyeusi yenye kitundu kidogo. Katika chumba chenye giza, tuipitishe nuru yake katika lenzi ya mkono, na kuipokea juu ya karatasi nyeupe mpaka tupate nukta iliyo wazi. Tukiisogeza karatasi kidogo kuelekea lenzi, ukingo wa nuru huwa na wekundu. Tukiisogeza mbali, huwa na ubuluu. Wanafunzi waseme walichoona kabla hatujaeleza lolote.

Tiba: Isaac Newton aliamini kwamba lenzi haziwezi kuepushwa na kasoro hii. Mwaka 1668 akaunda darubini yenye sahani ya madini iliyosuguliwa, iakisiyo nuru badala ya kuipinda. Kuhusu lenzi alikosea: mwaka 1758 John Dollond alipewa hataza ya lenzi ya vioo vya aina mbili, kimoja kikipunguza kasoro ya kingine. Siku hizi masalio ya kasoro hupunguzwa kwa kompyuta: mpiga picha huichagua zambarau iliyo ukingoni mwa nyota na kuififisha.

Tahadhari: Katika kundi la Orion, Rigel ina ubuluu wa kweli kwa kuwa ni ya moto zaidi, na Betelgeuse ina wekundu wa kweli. Afutaye ubuluu wote katika picha hufuta kasoro pamoja na ukweli.

Nasi walimu hatuna budi kukumbuka hayo tusahihishapo madaftari. Kabla ya kufuta jibu la mtoto, tuulize kwanza: je, hii ni kasoro ya lenzi, au ndiyo rangi ya nyota yenyewe?