Dondoo muhimu: Milimita 9 au .45?

Nchini Marekani, mnunuzi wa bastola ya kulinda nyumba hukutana na ubishi huu mara tu anapoingia dukani. Risasi ya .45 ina kipenyo cha takriban milimita 11.5 na kwa kawaida huwa na uzito wa gramu 15, karibu mara mbili ya milimita 9 iliyo nyepesi. Lakini bastola ya M1911 hubeba risasi 7 tu kwenye magazini. Glock 17 hubeba 17.

Teke la bastola ndilo la kupimwa kwanza. Mkono ukitupwa juu, risasi ya pili huchelewa au hukosa shabaha, na nyumbani shabaha iliyokoswa inaweza kuwa chumba cha mtoto. Mnunuzi akodishe bastola za aina zote mbili kwenye uwanja wa kulenga shabaha, afyatue, kisha aamue.

FBI iliupitia ubishi huo kwa machungu. Aprili 1986 huko Miami maofisa wake wawili waliuawa wakipambana na wahalifu, na risasi ya milimita 9 iliyompata mmoja wa wahalifu hao iliishia karibu na moyo bila kuufikia. Shirika likahamia risasi kubwa zaidi. Katikati ya miaka ya 2010 likarudi kwenye milimita 9, kwa kuwa risasi zenye ncha ya tundu zilikuwa zimeboreshwa sana.

Kuta za jasi hazizuii risasi yoyote kati ya hizo mbili. Kabla ya kununua, familia ipange nani analala wapi, na bastola ikae ndani ya kasha la chuma lenye kufuli.