Kupungukiwa Damu: Tutafute Chanzo Kabla ya Kulaumu Dawa

Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI hupanda kilima kidogo akitoka kuteka maji, akalazimika kuitua ndoo njiani kwa kukosa pumzi. Asimamapo huona kizunguzungu. Moyo humwenda mbio. Viganja vyake na ndani ya kope zake vimepauka. Jamaa zake husema, "Ndiyo maradhi yake hayo." Jirani huongeza, "Ni zile dawa zinazomkausha damu." Naye akisikia hayo kila siku, huanza kuruka siku moja bila dawa, kisha mbili, hata mwisho akaziacha kabisa. Hapo ndipo penye hatari kubwa, nayo ndiyo sababu ya somo letu la juma hili.

Yafaa kwanza tufahamu maana ya kupungukiwa damu. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka katika viungo vyote. Chembe hizo hutengenezwa katika uboho wa mifupa, nazo huishi siku 120 hivi. Basi mwili hauna budi kuumba nyingine mpya kila siku, na kwa kazi hiyo wahitaji madini ya chuma, foleti na vitamini B12. Mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu iwapo hemoglobini yake ni chini ya gramu 12 katika desilita moja. Mjamzito huhesabiwa hivyo ikiwa chini ya gramu 11, au 10.5 katika miezi mitatu ya katikati ya mimba. Ikishuka chini ya 7, mama na mtoto wote wawili wako hatarini.

Mambo gani huipunguza damu ya mwanamke mwenye VVU? Ni mengi, na mara nyingi hukutana mawili au matatu pamoja. Kwanza, virusi vyenyewe huudhoofisha uboho. Na mwili unaopigana na maradhi kwa muda mrefu huficha chuma ghalani, usikitoe kwa kazi ya kuumba damu. Pili, kuna maradhi mengine yanayofuatana na VVU au yaliyo ya kawaida kwetu: kifua kikuu, malaria, na minyoo ya safura inyonyayo damu matumboni. Tatu, kuna hedhi, mimba na uzazi. Nne, kuna chakula haba.

Na dawa je? Tuseme kweli yote. Iko dawa moja ya VVU iitwayo zidovudini, iliyotumika sana miaka iliyopita na ambayo bado hupewa baadhi ya wagonjwa. Hiyo kweli yaweza kudhoofisha uboho na kupunguza damu. Lakini kidonge wanachoanzishiwa watu wazima wengi siku hizi kimechanganywa na tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, wala zidovudini haimo. Zaidi ya hayo, wengi wanaoanza dawa za VVU na kuzishika sawasawa, damu yao huongezeka, kwa kuwa virusi vimezuiwa. Kwa hiyo anayeshuku dawa yake asiiache. Aende kliniki akaulize jina lake na apimwe wingi wa damu. Ikionekana dawa ndiyo yenye kosa, mganga atambadilishia.

Jambo hili si dogo. Katika miaka ya 1995 hadi 1997, wajawazito 1,078 wenye VVU waliandikishwa katika uchunguzi mkubwa mjini Dar es Salaam. Wakati ule dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijafika katika kliniki zetu za umma. Wote walipewa chuma na foleti, na baadhi yao wakaongezewa vitamini za B, C na E. Waliopata vitamini hizo walionekana kuwa na damu nyingi zaidi kuliko wasiozipata. Lakini uchunguzi huo ulifundisha jambo jingine la kusikitisha: waliopungukiwa damu walikufa zaidi kuliko wenzao, hata walipolinganishwa na wale ambao hali ya kinga yao ilikuwa kama yao. Kumbe upungufu wa damu si kivuli cha VVU tu, bali ni adui wa pili, mwenye kuhitaji kupigwa kwa silaha zake.

Silaha ya kwanza ni kipimo. Kumeza vidonge vya kuongeza damu bila kupimwa ni kubahatisha. Maana chuma hakiponyi kifua kikuu wala malaria, na mwenye kikohozi au homa za usiku aweza kupoteza miezi akitibiwa kisichomwua.

Ya pili ni kupanga saa za dawa. Chuma huikamata dolutegraviri tumboni, isipate kuingia mwilini vya kutosha. Basi aliyepewa vyote viwili avimeze pamoja na chakula. Kama hana chakula, atangulize dolutegraviri kwa muda wa saa mbili, au aingoje hadi saa sita zipite baada ya chuma. Mama asiache kimoja kwa kuogopa kingine.

Ya tatu ni jikoni. Maini, dagaa, maharage, mchicha na kisamvu vina chuma. Chungwa au ndimu pamoja na mboga husaidia mwili kukipokea; chai pamoja na chakula hukizuia, basi ingojwe kwa saa moja. Na udongo wanaoutafuna wajawazito wengi uachwe: huko huko Dar es Salaam, wajawazito wenye VVU waliokula udongo walionekana kupungukiwa damu zaidi.

Neno la mwisho ni kwenu mlio nyumbani kwake, mume, mama mkwe, wifi. Mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mara nyingi mgonjwa huficha kwa sababu ya midomo yetu. Mumwonapo amechoka, msimwite mvivu, wala msimwambie atupe dawa. Mpokeeni ndoo, mwachieni kipande cha ini, na siku ya kliniki mfuatane naye, mkaulize pamoja: damu yake ni kiasi gani, na chanzo ni nini?